Tairi za Tata zilikaushwa darini juu ya moto kama mahindi ya mbegu, na lawama nikapewa mimi

Wakuu wa bweni, na ninyi mnaolala nyumbani kwenu na kuja asubuhi na viazi mfukoni, hamjambo.

Nimetoboa karatasi zangu na kuzitunga kwenye uzi wetu hapa msumarini nyuma ya jiko la shule. Someni kwa zamu. Atakayefunga maandazi kwa kurasa zangu tutajuana.

Najua mnachosema. "Huyu ni Moseti, ataanza utani." Ni kweli mimi ndiye niliyemvika mbuzi kofia ya mwalimu wa hesabu. Nilikiri, nikakata nyasi siku tatu, mambo yakaisha. Leo sitanii. Leo nina hasira, na kila neno hapa ni la kweli. Mwenye shaka amuulize dada yangu Kerubo, ambaye hajui kudanganya hata akipewa sukari.

Mwalimu aliwaambia kwamba nilichelewa siku tisa kurudi shule kwa sababu ya malaria.

Malaria gani? Nilikuwa nabeba ndizi kama punda huku ninyi mnasoma. Sababu ni tairi.

Nianze mwanzo.

Baba yangu, yaani Tata, ana lori. Nyumbani kwetu ni Birongo, na lori hilo hubeba mahindi kutoka mashamba ya wazungu kule Nyansiongo na ndizi kwenda mjini Kisii. Tata mwenyewe hajui kuliendesha. Yeye ni mzee wa kanisa, hukaa mbele na Biblia magotini, na kila kona anafunga macho. Dereva ni Mariko.

Huyu Mariko mshikeni vizuri, tutarudi kwake. Alikuwa dereva wa jeshi vitani, Burma huko. Ana koti la khaki ambalo halivui hata jua likiwaka. Ukimuuliza saa ngapi, anakwambia ilivyokuwa Burma.

Basi, wakati wa likizo ya Krismasi Tata alipata tairi mpya nne. Wakuu, mnajua tangu vita tairi zinavyopatikana. Mtu anaweza kupata mke wa pili upesi kuliko tairi ya lori. Zilipofika nyumbani watu walikuja kuzitazama kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga. Jirani mmoja alizinusa.

Tata akasema hatazifunga mara moja. Mvua za masika zingekuja na tope na mawe ya kuchimbuka, afadhali zile kuukuu zimalizikie humo, na mpya zifungwe mwezi wa nane. Wazo zuri kabisa. Hapo silaumu mtu.

Swali likawa: miezi yote hiyo zitakaa wapi?

Hapo ndipo bibi yetu, Magokoro, alipoinuka kwenye kigoda chake.

(Kwetu haya yalisemwa kwa Kikisii. Nayaandika Kiswahili ili na ninyi mliotoka kule ziwani msome, msiseme tumewaficha.)

Magokoro akasema, "Zitakaa darini kwangu."

Wasiojua nyumba zetu: dari ni ile sakafu ya fito chini ya paa, juu ya mafiga. Moto unawaka chini mchana kutwa, moshi unapanda. Mahindi ya mbegu yanakaa huko, wimbi linakaa huko, na hakuna mdudu anayethubutu. Mbegu ya Magokoro ukiipanda inaota hata kwenye mwamba. Hilo silikatai.

Lakini tairi!

Nikasema, "Magokoro, mpira haupendi moto."

Akanitazama. "Wewe umepika mpira mara ngapi?"

Watu wakacheka. Mariko akacheka kuliko wote.

Akaendelea. "Ngozi isipopakwa mafuta inapasuka. Ngao ya baba yangu ilipakwa mafuta, ikapata moshi, ikadumu mpaka yeye mwenyewe akatangulia. Mpira ni ngozi ya mzungu. Kila kitu kilichodumu katika boma hili kimepita kwenye moshi wangu."

Tata akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nani atabishana na mama yake mbele ya majirani?

Kesho yake wanaume wanne wakazipandisha darini. Magokoro akazipaka samli yeye mwenyewe, kwa kiganja, taratibu, akiimba. Halafu juu yake akapanga magunia mawili ya wimbi, "zisisogee."

Wakuu, niliumia. Na sikuumia kwa ujuaji wa kitabuni. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda na lori mjini Kisii kwa Fundi Okelo. Ni mtu wa ziwani, ana karakana karibu na soko, mnene, mpole, anaimba kwaya. Nilikuwa nimekalia tairi moja iliyolala juani, akaniinua kwa sikio.

"Kijana, hiyo si kiti. Toka."

Akaniingiza kwenye stoo yake. Giza, baridi, pakavu. Tairi zimesimama juu ya ubao kama wanafunzi kwenye mstari. Hakuna iliyolala chini ya mzigo, hakuna inayoning'inia kwenye msumari, hakuna inayogusa udongo.

"Mpira una maadui," akasema. "Jua. Moto. Mafuta, hata petroli, hata grisi. Ukiuosha kwa sabuni, ukaufuta ukakauka, ukausimamisha gizani, unakungoja. Na uwe unaugeuza kidogo kila wiki, usichoke upande mmoja."

"Na tyubu?"

"Ipake poda, itie ndani ya tairi, ijaze upepo kidogo tu, isijikunje. Unaandika au unanitazama meno?"

Niliandika, kwenye kiganja. Sasa nahesabu maadui wa Fundi Okelo darini kwa Magokoro: moto upo, mafuta yapo, mzigo upo. Lilibaki jua tu, na nadhani kama angeweza kulipandisha angelipandisha.

Nilimwendea Tata. Nikamwambia yote. Akasema, "Fundi Okelo ni mtu mzuri, lakini hajui moshi wa mama yangu."

Nikamwendea Mariko. Huyu si alikuwa dereva wa jeshi? Nikamwambia, "Kaka Mariko, wewe sema. Wewe watakusikia."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Moseti, mambo ya wazee yaache."

"Lakini jeshini mliziweka wapi?"

"Jeshini ni jeshini."

Sikuelewa wakati ule. Baadaye ndipo nikajua kwamba Mariko alikuwa anamtaka Kerubo, na mtu anayetaka binti wa boma lile hamwambii Magokoro kwamba amekosea. Anakula wimbi, anasifu moshi, anangoja.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na ndicho kilichoniponza.

Sabato moja watu wote walikwenda kanisani. Mimi niliumwa tumbo. (Msiniangalie hivyo. Lilianza kuuma kweli baadaye.) Kerubo akabaki kunichemshia maji. Nikamwambia mpango wangu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akashika ngazi.

Tukasogeza magunia, tukaisukuma tairi moja mpaka kwenye tundu la dari, tukaiachia. Ilianguka kama ndama. Ikaruka kutoka sakafuni, ikapiga chungu cha maji, ikatoka mlangoni yenyewe na kuwafukuza kuku. Magunia tukayarudisha yalivyokuwa, chungu tukamsingizia mbuzi. Mbuzi yule hajanisamehe.

Tuliiosha ile samli kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka. Tukaikausha kivulini. Lakini tuiweke wapi asipoingia mtu, pasipowashwa moto, pakavu, giza?

Palikuwa na mahali pamoja tu. Kibanda cha Sokoro.

Sokoro ni babu yetu. Amefariki miaka miwili sasa. Tangu siku hiyo hakuna aliyewasha moto kwenye kile kibanda chake wala kufungua mlango. Magokoro hapitii hata ubavuni pake, anazunguka migombani. Mtu mzima akiingia humo bila ruhusa yake, patakuwa na kikao.

Lakini mjukuu na babu, wakuu, mnajua ni watu wa kutaniana. Nilisimama mlangoni nikasema, "Sokoro, nimekuletea mgeni. Mweusi, mnene, haongei, hali. Mtapatana."

Kerubo akanipiga kofi la mgongo. Lakini nilimwona akicheka, na machozi kidogo.

Tukaisimamisha juu ya ubao. Nikachora alama ya chaki kwenye tairi. Mimi nilikuwa narudi shule, kwa hiyo Kerubo akaapa kuigeuza kila Ijumaa akienda kuokota kuni. Kila akigeuza, achore mstari mmoja ukutani.

Nikarudi hapa. Mkaniona nacheka. Nilikuwa nacheka kwa nje.

Likizo ya mwezi wa nane ikafika, wakati wa kufunga tairi. Wanaume wakapanda darini. Wakashusha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ya nne?"

Aliye juu akachungulia tunduni, mikono mitupu.

Magokoro akapanda mwenyewe, kwa umri ule, akatazama nyuma ya kila kikapu. Akashuka na jivu usoni. "Mwizi ameingia nyumbani kwangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Hapo ningesema. Kweli ningesema. Lakini nikafikiria kibanda cha Sokoro, nikafikiria uso wa Magokoro akisikia tumeingia humo, nikajitia kukunja magunia.

Hilo ni kosa langu. Naliandika mwenyewe kabla hamjaliandika ninyi.

Zile tatu zilikuwaje? Wakuu, zilinuka kama nyama choma. Zilikuwa ngumu ubavuni na zinanata juani. Moja ilikuwa imekaa umbo la yai kwa sababu ya magunia ya wimbi. Ukiikunja kidogo kwa dole gumba unaona nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mtu wa Januari.

Nikasema, kwa sauti, mbele ya wote: "Tata, hizi zitapasuka."

Mariko akapiga tairi teke. "Ziko imara. Zimekomaa."

Zimekomaa! Kama ndizi!

Wakazifunga. Mahali pa ya nne wakaacha ile kuukuu iliyokuwa na afadhali, nyingine kuukuu ikawa spea, na mbili zilizobaki akapewa mtengeneza akala azikate viatu. Lori likaenda Nyansiongo kupakia mahindi.

Kwenye mlima wa kwanza tu, likiwa limejaa, ya nyuma kushoto ikalia kama bunduki. Kabla Mariko hajashuka kutazama, ya nyuma kulia nayo ikalia. Lori likakaa kitako. Magunia yakafumuka, mahindi yakamwagika barabarani mpaka mtoni. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Tata alikuwa amefungua Zaburi, na alirudi nyumbani kwa miguu akiwa bado ameshika ukurasa ule ule kwa kidole.

Tulikaa sote uani. Tata akauliza, polepole, "Ni nini kimezipata?"

Na Mariko, kaka Mariko mla wimbi, akasema: "Mzee, mimi sitaki kusema. Lakini Moseti alisema zitapasuka. Alijuaje?"

Wakuu.

Rudieni kusoma hapo. Nilitabiri kwa sababu nilifundishwa. Utabiri wangu ukawa ushahidi wangu!

"Na ile ya nne," akaendelea, "huyu ndiye hucheza na tairi. Si ndiye alitoa upepo kwenye baiskeli ya katibu wa kanisa?"

Hilo la baiskeli ni kweli. Lakini ni jambo tofauti kabisa, na katibu alikuwa amenikanyaga mguu.

Tata akanigeukia. Sijawahi kumwona vile. Hakupiga kelele. "Shule inafungua Jumatatu," akasema. "Wewe huendi. Utakaa hapa, utakuwa turniboi, upakie na kupakua lori ambalo haliendi, mpaka useme ulizifanya nini tairi zangu. Usiposema, ndiyo basi. Shule nitampeleka mwingine."

"Tata, mimi nilisema toka mwanzo..."

"Ulisema kama unavyosema kila kitu! Nitajuaje lini hutanii?"

Hilo liliniingia. Naliandika ingawa liliniingia.

Siku tisa. Nilibeba ndizi mpaka sokoni, nikachimba mitaro, nikawaona watoto wa jirani wakipita na daftari. Lori liko juu ya mawe kule Nyansiongo kama kuku anayetamia. Kila jioni Mariko anakuja, anakaa, anapewa uji, ananitazama kwa huruma. Huruma! Yeye!

Kerubo akaniambia, "Nitasema mimi."

"Ukisema umeingia kwa Sokoro, Magokoro atakufukuza."

"Na usiposema, utakuwa nani? Turniboi mwenye vichekesho?"

Siku ya tisa Tata alimwita Fundi Okelo aje aone kama zile mbili zinaweza kuzibwa. Zilikuwa zimeletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na kulazwa uani. Fundi akachuchumaa. Akakwaruza kwa ukucha. Akanusa. Akainua kichwa.

"Mzee, nani amekaanga hizi?"

Hakuna aliyecheka.

"Kuna mafuta hapa. Na moshi. Hizi zilikaa karibu na moto miezi. Mpira umekauka kama mkate." Akaniona nimesimama na kikapu cha ndizi. "Si nilimwambia kijana huyu? Nilimwonyesha mpaka stoo. Hakuwaambia?"

Tata akanitazama. Nikatazama chini. Magokoro akashika shanga zake.

Halafu Fundi akamgeukia Mariko, aliyekuwa kando na kikombe cha uji, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. "Na wewe si ulikuwa dereva wa jeshi? Jeshini wanakufundisha hili siku ya kwanza. Hukujua?"

Mariko akaweka kikombe chini, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Ndipo Kerubo akatoka mlangoni. Mikono ina unga.

"Mariko, ulijua?"

"Kerubo, unajua, mambo ya wazee..."

"Ulijua ukanyamaza. Halafu ukamtaja mdogo wangu."

"Nilikuwa nakuheshimu wewe na nyumba yenu."

"Yaaya," Kerubo akasema, na kwetu hiyo ni hapana isiyorudiwa. "Mtu anayenyamaza lori likipasuka, siku mtoto akiugua atasemaje? Ataniambia ni mambo ya wazee?"

Mariko akavaa kofia. Koti lilikuwa tayari mwilini. Akaondoka, na hajaja tena kunywa uji.

Kerubo akanishika mkono, akanivuta mbele ya Magokoro. "Magokoro, ya nne haikuibwa. Iko kwa Sokoro. Tuliingia sisi wawili."

Nikaweka kikapu chini.

Magokoro aliachia shanga zake. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake, nikajua arobaini zangu zimefika. Akanipita. Akashika njia ya kibanda, ile ambayo hajaikanyaga miaka miwili. Sote tukamfuata, Fundi Okelo nyuma kabisa, amevua kofia.

Akausukuma mlango mwenyewe.

Tairi ilikuwa imesimama pale gizani. Nyeusi, safi, laini, haina ufa. Vinyweleo vyake vya mpira bado vipo kama siku ilipofika. Ukutani, mistari ya chaki ya Kerubo, Ijumaa baada ya Ijumaa, imejaa mpaka kwenye kona.

Fundi akaibonyeza. "Hii mpya," akasema.

Magokoro akaigusa kwa kiganja kile kile. Akaangalia kitanda cha Sokoro, kigoda chake, kibuyu chake. Machozi yakamtoka. Mimi nikaanza kuandaa maneno yangu ya kusamehe, ya heshima, nimpe pole bila kiburi.

Akasema, "Mnaona? Mzee wangu ameilinda."

WAKUU!

Miezi minane! Sabuni, ubao, chaki, kofi la mgongo! Sifa akapewa marehemu!

Fundi Okelo alikohoa mpaka akatoka nje.

Ile tairi ilifungwa kesho yake pamoja na ile spea, na lori likashuka kwenye mawe, Fundi Okelo akaliendesha mpaka nyumbani. Mimi nilipanda juu ya magunia, sanduku langu la shule kando yangu. Tata hakuniomba radhi. Kwetu baba haombi. Lakini kabla hatujaondoka alinipa kipande cha chaki, akanielekeza kwenye mlango wa kibanda cha Sokoro.

"Andika hapo alivyosema Fundi. Herufi kubwa. Tairi zikipatikana tena zitakaa humu."

Nikaandika: USIWEKE JUANI. USIWEKE MOTONI. USIPAKE MAFUTA. OSHA, KAUSHA, SIMAMISHA, GEUZA. Yeye akasimama nyuma yangu akisoma neno moja moja kwa kidole. Nilipomaliza akaniambia, "Ongeza: Moseti alisema."

Nikaongeza. Herufi kubwa kuliko zote.

Basi wakuu, nilichojifunza. Kwanza, nyumbani kwenu nendeni mkatazame. Baiskeli ya baba imeegemezwa wapi? Juani? Tyubu ya spea imefungiwa na kopo la grisi? Tairi imetundikwa msumarini juu ya jiko? Iteremsheni leo.

Pili, asiyejua akikosea, namsamehe. Magokoro hakujua, na mbegu zake bado naziheshimu. Anayejua na kunyamaza ili apewe uji, huyo sijampatia neno. Nisaidieni.

Tatu, hili la kwangu peke yangu: nimepunguza utani. Kidogo. Ili siku nikisema moto, watu wachote maji.

Nimeacha nafasi kwenye uzi. Mwenye tairi yake, mwenye Magokoro wake, mwenye Mariko wake, atoboe karatasi aitunge hapa chini. Na mwalimu wa hesabu, najua unapita jioni kusoma: kofia yako nayo usiining'inize karibu na jiko.